Je, wajua? Kwanini wanasheria wakuu wa majimbo Marekani wengi huishia kugombea ugavana

Ukifuatilia siasa za Marekani utaona kitu fulani hivi, magavana kibao walikuwa wanasheria wakuu wa majimbo yao kwanza. Greg Abbott wa Texas, Josh Shapiro wa Pennsylvania, Josh Stein wa North Carolina, na huyo Stein kampokea Roy Cooper ambaye naye alipita njia hiyohiyo. Bill Clinton alianza kazi hiyo Arkansas mwaka 1977, miaka 2 baadaye akawa gavana akiwa na umri wa miaka 32 tu, yaliyofuata mnayajua.

Sasa kwanini iwe hivyo? Kwanza kule kazi yenyewe inapigiwa kura. Kenya na Tanzania mwanasheria mkuu anateuliwa na rais, ila kule majimbo 43 kati ya 50 wananchi ndo wanamchagua wenyewe. Kwahiyo mtu akishakaa pale ujue kashazunguka jimbo zima, jina lake lilishakaa kwenye karatasi ya kura, timu ya kampeni anayo na wenye hela za kuchangia anawajua, na ugavana nao unapigiwa kura na watu walewale.

Pili, na hii kwangu ndo kubwa zaidi, anachagua ugomvi wake. Gavana apende asipende atakata bajeti na lazima kuna watakaonuna, lakini mwanasheria mkuu anaangalia nani kachukiwa na watu afu anampeleka mahakamani. Mwaka 1998 majimbo 46 yaliyabana makampuni ya sigara yakakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 200 kwa miaka 25, nani atakuchukia kwa hilo? Eliot Spitzer wa New York aliwaandama vigogo wa Wall Street, yani mabenki na makampuni makubwa ya fedha, mpaka akachaguliwa gavana 2006 kwa kura za kumwaga (Machi 2008 akajiuzulu kwa kashfa ya makahaba, lakini hiyo ni habari nyingine). Siku hizi adui anayelipa zaidi ni serikali kuu ikiwa mikononi mwa chama pinzani. Abbott alikuwa anajisifu kabisa kwamba kazi yake ni kufika ofisini asubuhi, kumshtaki Obama, afu kurudi nyumbani.

Wengine wanaanzia chini zaidi, kwenye uendesha mashtaka wa kaunti, ambao nao sehemu nyingi unapigiwa kura. Thomas Dewey alijulikana nchi nzima kwa kumfunga Lucky Luciano, bosi wa mafia, mwaka 1936 akiwa mwendesha mashtaka maalumu wa kuteuliwa, mwaka uliofuata akachaguliwa mwendesha mashtaka wa kaunti, akaja kuwa gavana wa New York na kugombea urais mara 2, zote akashindwa.

Shida ni kwamba mafaili hayafi. Mwangalie Kamala Harris, aliingia kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa San Francisco Januari 2004 akiwa ameahidi kwenye kampeni kwamba hataomba adhabu ya kifo. Aprili hiyohiyo polisi kijana akapigwa risasi akafa, na kabla hata hajazikwa Harris akatangaza kwamba msimamo ni uleule. Kwenye mazishi Seneta Dianne Feinstein, wa chama chake mwenyewe, akasema kesi kama hii ndo ya kifo, polisi waliojaa mle ndani wakasimama kumpigia makofi, Harris naye amekaa palepale anasikiliza. Mwaka 2010 alipogombea uanasheria mkuu wa California bado hilo lilimtafuna, vyama vingi vya polisi vilimuunga mkono mpinzani wake Steve Cooley, na usiku wa uchaguzi huyo Cooley akajitangazia ushindi kabisa, kura zikaendelea kuhesabiwa wiki kama 3 hivi ndo Harris akapita kwa tofauti isiyofika asilimia 1. Ajabu sasa, alipoutaka urais 2019 akashambuliwa upande wa pili, kwamba alikuwa mkali mno, mgombea mwenzake Tulsi Gabbard akamsulubu kwenye mdahalo kwa watu waliofungwa kwa bangi enzi zake, na Desemba akajitoa. Yani mtu yuleyule, kwa polisi ni mlegevu, kwa wanaharakati ni polisi.

Na kuna wanaosahau kwamba mkutano wa hadhara sio mahakama. Martha Coakley, mwanasheria mkuu wa Massachusetts, aligombea useneta Januari 2010 kwenye kiti alichokuwa nacho Ted Kennedy, kiti ambacho Democrats walikihesabu ni chao. Alipoulizwa mbona hatoki kuonana na watu akajibu kwa kejeli, eti akasimame nje ya uwanja wa Fenway Park kwenye baridi kushikana mikono? Scott Brown wa Republican alikuwa anafanya hivyohivyo, na akashinda. Coakley akajaribu tena ugavana 2014, akaukosa. Aliyempokea ofisini ni Maura Healey, ambaye mwaka 2022 aligombea ugavana huohuo akashinda bila jasho.