Je, wajua kwa nini ziwa pana lina nafasi chache za kufunga boti?

Ukisimama ufukoni Goma ukatazama kusini, maji hayaishi. Ziwa Kivu lina eneo la kilomita za mraba karibu 2,700, na mahali penye kina zaidi linashuka kupita mita 480. Lakini fika Kituku, bandari ya Goma, asubuhi: boti zimebanana ubavu kwa ubavu, mitumbwi imejipenyeza katikati yao, na chombo kilichochelewa kinangoja. Maji yote haya, nafasi imekwenda wapi?

Bandari haigawi maji. Inagawa sakafu, yaani zile sehemu za chini ambako uzito au nanga inaweza kushika bila kamba kuwa ndefu kupita kiasi. Kivu ni tajiri wa maji na maskini wa sakafu.

Chombo kilichofungwa kwenye boya, yaani kile kinachoelea kikiwa kimeshikwa kwa kamba na uzito ulioko chini, hakikai mahali pamoja. Upepo ukitoka kaskazini kinalala kusini mwa boya. Upepo ukigeuka, nacho kinageuka. Baada ya siku chache kimezunguka duara zima, na ndani ya duara hilo chombo kingine hakiwezi kukaa. Kwa hiyo mkuu wa bandari anapompa mtu nafasi, hampi nukta kwenye ramani. Anampa duara.

Ukubwa wa duara hutokana na kina. Kamba ikiwa fupi, wimbi likiinua boti, uzito ulioko chini unavutwa kwenda juu na kung'oka. Kamba ikiwa ndefu, unavutwa kando na hautikisiki kirahisi. Kipimo kinachotumiwa sana kwa boya la kudumu ni mnyororo na kamba zenye urefu wa mara 3 ya kina.

Tuchukue boti ya mita 10 mahali penye kina cha mita 5. Kamba ni mita 15. Ikinyooshwa na upepo inafika kama mita 14 kutoka pale uzito ulipo; ongeza urefu wa boti, unapata mita 24 kutoka katikati ya duara hadi ukingoni. Eneo lake ni karibu mita za mraba 1,800, robo ya uwanja wa mpira. Sasa ipeleke boti hiyo hiyo kwenye kina cha mita 50. Kamba inakuwa mita 150, kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 151, na duara linameza mita za mraba 72,000 hivi. Hivyo ni viwanja 10 vya mpira kwa boti moja! Upande wa Goma, ambako chini kunaporomoka ghafla hatua chache kutoka ufukoni, hesabu hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

Halafu kuna aina ya sakafu yenyewe. Kwenye matope, nanga yenye umbo la uyoga huzama polepole ikafukiwa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyoshika. Kwenye mchanga au matope mazito hutumika pia chuma chenye ncha ya parafujo kinachozungushwa hadi kiingie chini. Kwenye mwamba wa lava, vyote viwili havifai: uyoga unateleza juu, parafujo haiingii. Na lava ndiyo sehemu kubwa ya ufuko wa Goma. Ile ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani na kuongeza nchi kavu mahali palipokuwa maji.

Kwenye mwamba unabaki uzito mtupu, na hapo wengi wanakosea hesabu. Gogo la betoni la kilo 1,000 likiwa nchi kavu, ndani ya maji linabaki na uzito wa kama kilo 580, kwa sababu maji yanalibeba. Chuma cha kilo 1,000 kinabaki na kama 870. Anayepima betoni yake ufukoni na kuiamini hivyo hivyo, boti yake itatembea na gogo lake usiku wa upepo, na itaanza kwa kumgonga jirani.

Miji yenye boti nyingi hugawaje maduara hayo? Mfano unaoeleweka vizuri ni jimbo la Massachusetts, Marekani. Sheria ya huko inampa mkuu wa bandari wa kila mji mamlaka ya kutoa vibali vya maboya. Kibali ni cha muda, kinaombwa upya kila mwaka, na nafasi zikijaa lazima pawe na orodha ya wanaongoja, iliyowekwa wazi kila mtu aione. Kwenye bandari zinazopendwa, mtu anaweza kungoja zaidi ya miaka 10.

Kinachowakasirisha wanaongoja ni kuona wa 5 amepata na wa 1 bado. Mara nyingi si rushwa. Nafasi iliyoachwa ni duara la boti ya mita 7, na wa kwanza ana boti ya mita 12. Ukimweka pale, atapiga majirani wawili. Basi inatolewa kwa wa kwanza ambaye boti yake inaenea. Ndiyo maana orodha nzuri huandika urefu wa chombo na kina cha maji kinachohitaji ili kielee, pamoja na jina na tarehe. Orodha ya majina matupu itazaa ugomvi, na mkuu wa bandari hatakuwa na la kujibu.

Vyombo vya aina moja pia huwekwa pamoja. Boti nyepesi hugeuka upepo unapoanza tu, ile nzito huchelewa. Ukizichanganya zitagongana wakati wa kugeuka. Na njia ya kuingia na kutoka huchorwa kwanza kabla ya duara lolote. Anayeanza na maboya akaiacha njia mwisho hujikuta hana njia.

Boya likishatolewa hukaguliwa. Mnyororo hauliwi sawasawa: sehemu inayogusa chini na kuinuka, kugusa na kuinuka, ndiyo inayokwisha upesi, ilhali juu unang'aa. Pini za viungio hulegea zisipofungwa kwa waya. Kamba hukatika pale inaposugua ukingo wa mbele wa boti, kwa hiyo huvikwa kipande cha bomba la mpira. Asiyeonyesha boya lake wakati wa ukaguzi hapewi kibali upya.

Turudi Kivu. Pale ambapo maduara hayaenei, kinachogawanywa ni gati, na gati hugawanywa kwa saa. Gati la mita 60 linachukua boti 2 tu za mita 25 zikilala ubavu. Zikiingiza pua, kila moja yenye upana wa mita 6 na mita 2 za pengo, zinaenea 7. Lakini boti iliyoingiza pua inahitaji kitu cha kushika nyuma, na nyuma kina kimeshaporomoka. Upepo wa ubavuni unaisukuma juu ya jirani. Kuifunga boti juu ya boti nyingine ndiyo njia ya haraka, nayo ina hatari yake: abiria wanavuka sitaha ya boti iliyo karibu na gati wote kwa mara moja, na uzito unalalia upande mmoja. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli Merdi, iliyojaa kupita kiasi, ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Kituku, na watu wengi sana walikufa. Mpango wa gati hauwezi kuponya boti iliyojazwa kupita uwezo. Unaweza kuhakikisha tu kwamba inayoingia haikuti mlango umezibwa, na kwamba abiria hawashuki juu ya boti ya pili.

Vyombo vya kuvua sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, navyo vinahitaji sehemu yao. Mitumbwi 3 iliyounganishwa kwa miti mirefu hula ufuko mkubwa kuliko boti ya abiria, na kwa kuwa huvua usiku, hukaa ufukoni mchana, saa zile zile mizigo inaposhuka.

Bukavu ina bahati zaidi, kwa kuwa rasi zake zinaukinga mji na mawimbi na ghuba zake hazina kina cha kutisha kama kaskazini. Na ziwa lote lina neema moja ambayo bandari za bahari hazina: hakuna maji kupwa na kujaa, kina kilichopimwa leo kitatofautiana kidogo tu msimu ujao. Kupima kwenyewe hakuhitaji mashine. Chukua kamba yenye fundo kila mita 1, funga jiwe, panda mtumbwi, shusha kila baada ya mita 10 ukitoka ufukoni, andika, kisha unganisha sehemu zote zenye kina cha mita 10. Mstari huo unakuonyesha bandari yako inaishia wapi.