Asumini ya uani: dhana potofu na ukweli wake kwa bustani za Lindi na Mtwara

"Ukiikata itakufa." Dhana hii ndiyo inayowanyima wengi vikuba, vile vishada vya maua ya kujipamba. Asumini huchanua kwenye ncha za machipukizi mapya. Ikikaa miaka mitatu bila kuguswa na makasi, inakuwa kichaka kinene cha majani, na maua ya kuhesabu. Subiri mvua zishike, kwa kawaida Desemba, uikate ibaki sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini. Ondoa matawi makavu na yaliyosongamana katikati, kisha weka ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri kuzunguka shina, bila kuligusa. Baadaye, kila maua yakiisha, punguza ncha zilizochanua. Kuikata Agosti bila maji ya uhakika ni kuitesa: machipukizi bado laini, na upepo wa kusi unayakausha.

"Majani yakiwa njano, mwaga majivu." Kwanza chuma jani changa ulitazame juani. Likiwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma. Mikindani na kwingine kwenye mawe ya matumbawe, ardhi ina chokaa nyingi. Chuma kimo udongoni lakini mizizi inashindwa kukifyonza. Majivu yanazidisha tatizo lilelile. Chimba shimo la sentimita 45 kwenda chini na 45 kwa upana, toa mawe yote, jaza udongo usio na chokaa uliochanganywa na mboji. Vinginevyo panda kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. (Majani ya chini yakipauka yote, mishipa pamoja, hiyo ni njaa ya naitrojeni, na samadi itatosha.)

"Salfa ya mikorosho inatibu kila kitu." Salfa inazuia ubwiriunga (ukungu mweupe kama unga) na inaua utitiri, basi. Vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye vifundo, haiwasumbui. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Tena siku za joto la nyuzi 32 na zaidi, salfa hubabua majani.

"Inapenda kivuli." Hapana. Ipe jua kwa muda wa saa sita kila siku.

"Maji ni maji." Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, na dalili yake ni kingo za majani kuwa kahawia na kukauka. Hifadhi maji ya mvua kwa ajili ya miche angalau. Miche yenyewe hutokana na vipandikizi, maana asumini yetu ni nadra kutoa mbegu: kata tawi lililokomaa nusu, sentimita 15, zika vifundo viwili, weka kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 6, na hapo ndipo uihamishie juani, taratibu.

"Maua huchumwa asubuhi." Kufikia asubuhi yameshachanua usiku kucha na harufu imepungua. Chuma matumba saa kumi na moja jioni, yakiwa meupe na yamevimba, uyafunge kwenye kitambaa kibichi. Yatafunguka yenyewe baada ya magharibi.