Mgeni Huyu ni wa Nani?

Kazi yangu ni kuandika na kukagua kanuni za wageni: za majengo ya kupangisha, za hoteli, za hosteli za wanafunzi, na mara mojamoja za wodi. Rasimu ninazoletewa hufanana sana. Ni ukurasa mzima wa makatazo: mgeni asilale, asiingie baada ya saa nne usiku, asiegeshe gari, asipande juu ya paa. Huwa nasoma hadi mwisho nikitafuta jambo moja, na mara nyingi silioni. Mgeni akivunja mlango wa lifti, nani analipa? Akiteleza kwenye ngazi zenye maji na kuvunjika mguu, nani anashtakiwa? Akikaa miezi mitatu kisha akagoma kuondoka, nani ana haki ya kumtoa?

Makatazo kila mtu anaweza kuyaandika. Kanuni inayofanya kazi huanza na dhamana: mgeni huyu amekuja kwa nani, na nani anabeba mzigo wake. Ukishajibu hilo, saa za kuingia na idadi ya vichwa hazikupi shida.

Nianze na nyumba ya kupanga, maana huko ndiko kwenye ugomvi mwingi. Mgeni wa mpangaji ni mzigo wa mpangaji. Mwenye nyumba hana mkataba naye, kwa hiyo uharibifu unamrudia aliyemkaribisha. Mkataba useme hivyo kwa sentensi moja iliyo wazi, badala ya kutaja makosa ishirini na kusahau la ishirini na moja. Ila korido, ngazi na taa za nje kwa kawaida ziko mikononi mwa mwenye nyumba, na huko hawezi kujificha nyuma ya mpangaji. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1957 kuhusu usalama wa wanaoingia kwenye jengo la mtu inamtaka anayelisimamia achukue hadhari ya kutosha ili mgeni awe salama katika shughuli iliyomleta, na inamkumbusha kuwa watoto huwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Kibao cha "Unaingia kwa hatari yako mwenyewe" hakimsaidii sana mwenye ngazi isiyo na kishikio.

Halafu kuna muda. Methali yetu humpa mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Mikataba ni mikarimu zaidi kidogo. Mingi ya Marekani huruhusu kama siku 14 ndani ya miezi sita, baada ya hapo jina la mtu huyo liingizwe kwenye mkataba au aondoke. Mimi napenda kikomo cha aina hiyo, lakini nawaonya wenye nyumba wasikiamini kupita kiasi. Mgogoro ukifika mahakamani, hakimu hatahesabu siku peke yake. Ataangalia kama mtu huyo ana ufunguo wake, kama barua zake zinafika hapo, kama kitanda ni chake, kama ana mahali pengine pa kurudi. Zaidi ya yote ataangalia kama alitoa kodi na mwenye nyumba akaipokea. Ukipokea pesa ya kodi kutoka kwa "mgeni" na kumpa risiti, huenda umejitengenezea mpangaji mpya bila kuandika mstari hata mmoja. Na mpangaji, hata asiye na karatasi, katika nchi nyingi hatolewi kwa kubadilishiwa kufuli. Anatolewa kwa notisi na amri ya mahakama. Mpaka huo kati ya mgeni na mpangaji unagusa hata hoteli: katika jimbo la California, Marekani, mtu aliyekaa zaidi ya siku 30 mfululizo anaweza kupata haki za mpangaji, na sheria ya huko inawakataza wenye hoteli za kuishi kumhamisha au kumtoa na kumwandikisha upya ili tu asifikishe siku hizo. Sheria hiyo isingetungwa kama hakuna waliokuwa wakifanya mchezo huo.

Upande wa pili nao una mipaka. Mwenye nyumba anayeandika "hakuna mtu mwingine kuishi humu" aangalie kwanza sheria ya mahali alipo. Jimbo la New York linampa mpangaji aliyesaini mkataba peke yake haki ya kuishi na familia yake ya karibu, pamoja na mtu mmoja wa ziada na watoto wanaomtegemea huyo, hata kama mkataba unasema vingine. Na kuna kundi ambalo rasimu nyingi zinalisahau kabisa: wasaidizi wa wagonjwa na wa watu wenye ulemavu. Mtu anayelala chumbani kwa mzee ili amgeuze kitandani usiku si mgeni wa kuhesabiwa siku. Mpeni kipengele chake.

Hotelini mambo yanageuka, kwa sababu mgeni ni mteja na dhamana iko kwa mwenye nyumba ya wageni. Si wazo jipya. Sheria ya Kirumi iliwabebesha wenye vyombo vya majini, wenye nyumba za wageni na wenye mazizi dhamana ya mali waliyoipokea hata pale ambapo kosa halikuwa lao, na jambo hilo likaingia katika mkusanyo wa sheria wa Justinian, mfalme wa Roma ya Mashariki, wa mwaka 533. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1956, iliwapa wenye hoteli nafuu: fidia isizidi pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa jumla. Lakini nafuu hiyo ina sharti dogo ninalolipenda sana. Tangazo lake lisipobandikwa panapoonekana, karibu na mapokezi au mlango mkuu, hoteli haiwezi kujikinga nalo.

Wageni wa mgeni ndio wanaowasumbua wafanyakazi wa mapokezi. Mteja anapandisha marafiki watatu, na mfanyakazi hajui azuie au anyamaze. Kanuni ijengwe juu ya sababu inayoweza kuelezwa bila aibu: moto ukiwaka usiku, wazima moto watauliza mna watu wangapi na wako vyumba gani. Anayelala lazima aandikishwe. Anayekuja kuzungumza kwa muda wa saa mbili apokelewe ukumbini. Mfanyakazi mwenye sababu mkononi hagombani na mteja.

Makao ya muda mfupi kwenye nyumba za watu yako katikati ya nyumba ya kupanga na hoteli, ndiyo maana miji inahangaika nayo. Jiji la New York lilianza kusimamia kanuni zake mpya mwezi wa Septemba 2023: kwa makazi ya chini ya siku 30, mwenyeji awe amesajiliwa, awepo nyumbani, apokee wageni wasiozidi wawili, na milango ya ndani isifungwe kuwazuia. Ukizisoma vizuri utaona swali lilelile la dhamana. Jiji linataka mgeni awe na mwenyeji wa kweli aliye chini ya paa moja naye, si hoteli iliyovaa nguo za nyumbani. Airbnb, jukwaa la mtandaoni la kupangisha nyumba za watu, nayo iliifanya marufuku ya sherehe kuwa ya kudumu mwaka 2022, na tangu tarehe 30 Aprili 2024 imekataza kamera za ndani, hata za sebuleni. Ningewashauri wenyeji wafuate hilo hata wanapopangisha bila jukwaa lolote. Kamera ya nje yenye taarifa inatosha.

Hosteli za wanafunzi sina mengi ya kuzisemea. Wanaolala chumba kimoja wakubaliane kwanza kuhusu mgeni wa usiku, na ridhaa ya mwenzako isichukuliwe kuwa imetolewa kwa sababu tu alinyamaza.

Hospitalini anayeamua anapaswa kuwa mgonjwa. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, zimelazimika tangu mwaka 2011 kumheshimu mgonjwa anapochagua nani amtembelee, awe ndugu wa damu au la. Wauguzi wanabaki na uwezo wa kuweka vikwazo kwa sababu za tiba, kama maambukizi, na vikwazo hivyo viandikwe. Muuguzi asiachiwe kazi ya kuamua nani ni mke halali.

Jambo la mwisho ni daftari la getini. Wageni wanaandika jina, simu, namba ya kitambulisho na chumba wanachokwenda, na kila anayefuata anasoma ya waliomtangulia. Kwa mwanamke aliyemkimbia mume mkorofi, ukurasa huo ni ramani. Mlinzi aandike mwenyewe, achukue jina, saa na mwenyeji tu, na kanuni itaje kurasa zitatunzwa kwa muda gani kabla ya kuchomwa. Siku 30 kwa majengo mengi zinatosha, isipokuwa sheria ya mahali pale inadai zaidi.