Sauti ya mwandishi: kinachomrudisha msomaji

Nilipokuwa sekondari, vitabu tulivyosoma vilikuwa vimepita mikono mingi mpaka majalada yamechanika. Mara nyingi kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, na jina la mwandishi limeondoka nazo. Hata hivyo hazikupita aya mbili bila mtu kusema, "Hii ni kalamu ya Shaaban Robert." Hakuna aliyemwuliza amejuaje, kwa sababu na sisi tulikuwa tumeshaisikia. Tulichokisikia ndicho kinachoitwa sauti ya mwandishi.

Sauti ni ile namna ya kusema ambayo mwandishi haiachi hata akibadili hadithi. Imo katika urefu wa sentensi zake, katika maneno anayoyapenda na anayoyakwepa, mahali anapokawia na anapopita upesi, na jinsi anavyowatazama watu wake: kwa huruma, kwa hasira, au kwa mbali. Darasani tunafundishwa zaidi mtindo, yaani mbinu unazoweza kuzipigia mstari: tashbihi, takriri, methali. Sauti huzibeba zote hizo, lakini ukizihesabu moja moja bado hujaipata. Waandishi wawili wataweka methali ile ile. Kwa mmoja utamsikia mzee wa barazani, kwa mwingine utamsikia mtu aliyeikariri jana.

Mtazame Shaaban Robert mwenyewe (1909–1962). Sentensi yake imekaa kama mizani: jambo upande huu, kinyume chake upande ule. Watu wake wanabeba tabia zao katika majina. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa na Majivuno. Katika Adili na Nduguze, Adili anateswa na ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Ukishasikia majina tu umeshajua nani mwema na nani mwovu. Kwa nini basi mtu aendelee kusoma? Naamini ni kwa sababu anamsikiliza mtu ambaye kwa dhati anaona wema una nguvu, na anaisema imani hiyo kwa Kiswahili kilichopigwa msasa mpaka kinang'aa. Msomaji akikifunga kitabu anahisi ameheshimiwa.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hadithi za mfululizo magazetini zina neno lao moja lenye nguvu kubwa: itaendelea. Neno hilo limewapeleka wengi kwa muuza magazeti asubuhi na mapema, nami nikiwamo. Hiyo ni taharuki, na ni kipaji cha kweli. Nani atadharau ustadi wa kumfanya mtu asilale? Lakini taharuki huisha siku siri inapofichuka. Uaminifu kwa mwandishi huonekana baada ya hapo, pale msomaji anapokirudia kitabu ambacho mwisho wake anaujua.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Zanzibar, tena katika riwaya za upelelezi, ambako ungedhani siri ndiyo kila kitu. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko mdomoni, jina lake limeundwa kwa herufi za mwanzo za jina la mwandishi. Msa anatoka katika ukoo wa Sherlock Holmes, hilo halifichiki. Ila maiti inakutwa mzimuni, watu wanatetemeka, na yeye anakwenda kutafuta mkono wa binadamu. Riwaya iliyofuata ilichukua jina la Giningi, na jina hilo kwa Mzanzibari si jina tupu: lina uchawi na masimulizi ya usiku ndani yake. Ugeni wa mbinu umekutana na wasiwasi wa nyumbani. Nami nikizirudia riwaya hizo, muuaji nimeshamjua. Narudi kuwasikia watu wakizungumza, wakitaniana na kuzungushana kwa maneno kama wafanyavyo watu wa visiwani. Msa alidumu kitabu baada ya kitabu hadi miaka ya 1980.

Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, nao walijenga wasomaji kwa njia hiyo ya mhusika anayerudi. Mhusika wa namna hii ni ahadi: ukimfungulia mlango unajua atakuja na nini.

Ahadi hiyo inaweza pia kumfunga mwandishi. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alianza 1971 na Rosa Mistika, riwaya iliyowashtua wakubwa kiasi cha kuzuiwa shuleni kwa muda. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na mabishano yakawaka. Kisha zikaja Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba visivyo na njia iliyonyooka, ambamo ndoto na falsafa vinapishana. Kwa waliomzoea kwa simulizi za kijiji na familia, huyu alikuwa kama mtu mwingine.

Wapo walioviweka chini, na siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikirudia Nagona mara tatu kabla hakijanifungukia. Kilichonishikilia ni kwamba nilimtambua anayesema. Swali lililomtesa Kazimoto katika Kichwamaji, riwaya yake ya awali, la maisha haya yana maana gani, lilikuwa limerudi bila kijiji, bila familia, limebaki mifupa mitupu. Hadithi ilikuwa imebadilika kabisa, na aliyekuwa akiniuliza alikuwa yule yule.