Ufafanuzi: Kuwepo kwa aina nyingi za VVU hakufanyi vipimo na dawa kushindwa kufanya kazi
Ujumbe unaosambazwa mara kwa mara kwenye makundi ya gumzo hudai kwamba, kwa kuwa nchi moja huweza kuwa na aina kadhaa za VVU, vipimo vya kawaida havizitambui na dawa za ARV (za kufubaza virusi) haziziwezi. Dai hilo linapotosha, ingawa limeanzia kwenye jambo la kweli.

Virusi hivi hubadilika haraka kwa sababu hukosea mara nyingi vinapojinakili, na mtu aliyeambukizwa aina mbili anaweza kuwa na kirusi chenye mchanganyiko wa vinasaba vya zote. VVU viko vya aina kuu mbili, VVU-1 na VVU-2. Kundi M la VVU-1, linalosababisha maambukizi mengi zaidi duniani, lina aina ndogo kama A, B, C na D. Hata hivyo, vipimo hutafuta hasa kingamwili (protini za kinga ambazo mwili hutengeneza) dhidi ya sehemu za kirusi zisizobadilika sana, na dawa zinazotumika sasa hudhibiti aina ndogo zote hizo. VVU-2, iliyoenea zaidi Afrika Magharibi, haisikii baadhi ya dawa, lakini nayo hupimwa na kutibiwa.

Wengi huchanganya aina ya kirusi na usugu wa dawa, yaani kirusi kuacha kusikia dawa, ambao hutokea hasa dozi zinaporukwa. Wengine hupimwa mapema mno, kabla kingamwili hazijaonekana, hivyo majibu huweza kuonyesha hawana VVU hata kama wanavyo.

Anayetaka uhakika arudie kipimo miezi 3 baada ya tukio la hatari. Anayetumia dawa apime kiwango cha virusi kwenye damu, kwani kikishuka na kubaki chini, dawa zinafanya kazi. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, kwa maana anayeuamini anaweza kuacha dawa zinazomweka hai.