Kwa nini majaribio yaleyale ya programu hutoa asilimia tatu tofauti za kufaulu?

Chukua programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, yenye majaribio 200, yaani vipande vya msimbo vinavyoikagua. Yameendeshwa usiku, na asubuhi hesabu iko hivi: 150 yamefaulu, 6 yamefeli, 4 yamekatika kwa hitilafu, 40 yamerukwa. Asilimia ya kufaulu ni ngapi? Inategemea zana inayojenga programu na kuendesha majaribio yake. Ripoti ya Surefire, programu-jalizi ya zana ya Maven, itaandika 75. Ya Gradle, zana nyingine ya aina hiyo, itaandika 93. Ya Apache Ant, zana ya tatu, inaweza kuandika 95. Na zote tatu zimepiga hesabu sawasawa.

Kufeli maana yake jibu limetoka tofauti na lililotarajiwa: jumla ya kapu la manunuzi ilipaswa kuwa 5,000, ikatoka 4,500. Hitilafu ni jaribio kukatika njiani, labda hifadhidata haikupatikana. Kwenye asilimia, yote mawili huhesabiwa kuwa hayakufaulu.

Utata uko kwenye yale 40. Jaribio hurukwa kwa sababu mtu amelizima kwa makusudi, kwa mfano kwa alama ya @Disabled ya JUnit 5, maktaba ya kuandikia majaribio ya Java, au kwa sababu ni la Windows na kompyuta inatumia Linux. Halikufaulu wala halikufeli. Sasa liwekwe wapi?

Surefire hulibakiza kwenye jumla bila kulihesabia ushindi: 150 kwa 200. Gradle huliondoa kabisa: 150 kwa 160, yaani 93.75, kisha hukata desimali bila kupandisha. Ukataji huo naupenda sana, kwani hata majaribio 999 yakifaulu kati ya 1,000, ripoti husema 99. Huwezi kuona 100 huku kuna lililofeli. Ant hutoa yaliyofeli na yenye hitilafu tu, basi yaliyorukwa yakiwamo kwenye jumla, yanapita pamoja na yaliyofaulu: 190 kwa 200.

Hapo ndipo msomaji wa ripoti anapaswa kuwa macho. Tuseme timu inabanwa na tarehe, mtu akazima yale 10 yaliyokuwa yakisumbua. Hakuna kosa hata moja lililorekebishwa. Ant inaruka hadi 100, Gradle nayo 100, Surefire inabaki 75 vilevile. Kwa hiyo mimi nikipewa asilimia peke yake, huomba kwanza idadi ya yaliyorukwa, ya leo na ya wiki iliyopita.