Kuhalalisha bangi na kuondoa jinai ni mambo mawili

"Ureno ilihalalisha bangi na nchi haikuanguka." "Thailand ilihalalisha bangi, ikabidi irudi nyuma." Karibu kila mjadala wa bangi una sentensi hizi mbili, moja ikitumiwa na wanaounga mkono na nyingine na wanaopinga. Ya kwanza ni kosa, ya pili ni nusu kosa, na zote zimeharibiwa na kitenzi kimoja.

Maana kwanza, kwa haraka. Kuhalalisha ni kutunga sheria inayoruhusu zao lilimwe, liuzwe na litumiwe, pamoja na masharti ya kila hatua: nani apewe leseni, auze kiasi gani, amuuzie nani. Kuondoa jinai ni kuacha kumfikisha mahakamani mtu aliyekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe. Zao lenyewe linabaki limekatazwa, na anayeliuza anabaki mhalifu kama jana. Hiyo ndiyo tofauti, na mtu aliyeishika angeweza kuachia hapa. Tatizo ni kwamba haishikiki, na sehemu ya lawama iko kwenye maneno yenyewe.

Halali ni neno la Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kufungua fundo. Kilicho halali kimefunguliwa, hakina kamba. Mpinzani wake, haramu, anatoka mzizi wa kuzuia na kutenga, ule ule uliotupa maharimu na haramia. Maneno haya yalizoeleka kwetu kwa chakula, ndoa na ibada kabla ya kuzoeleka kwa hukumu za mahakama, na harufu hiyo ya dini haijawahi kuyatoka. Ongeza sasa kiambishi cha -isha, kinachofanya kitu kiwe hivyo, kama katika safisha na rahisisha. Mzazi anaposikia "serikali imehalalisha bangi" anasikia kwamba serikali imeitakasa. Anakasirika, na kwa neno alilopewa ana haki ya kukasirika. Lakini bunge halina uwezo wa kutakasa kitu. Linaweza kusema nani ataadhibiwa, nani atapewa leseni na kodi itakuwa kiasi gani. Basi.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba mapokeo tuliyoazima neno hili hayana daraja mbili tu. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ina tano: wajibu, sunna (kinachopendekezwa), mubaha (kisicho na thawabu wala dhambi), makuruhi (kinachochukiza), haramu. Sisi tulichukua ncha moja, haramu, tukavirundika vidaraja vingine vyote chini ya halali, kisha tunashangaa kwamba mjadala wetu hauna katikati.

Jinai nayo ina asili ya kupendeza. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kuchuma tunda, na kutoka hapo ukaja kumaanisha kosa, yaani kile ambacho mtu amejichumia. Katika lugha ya mahakama zetu jinai husimama mkabala na madai. Kwenye jinai dola ndiyo inayoshtaki, adhabu inaweza kuwa kifungo, na kumbukumbu ya hatia hubaki kwenye jina la mtu. Kwa hiyo kuondoa jinai ni kulihamisha tendo kutoka upande huo tu. Halijavuka kwenda kwenye halali. Mfano wa karibu ni gari lililoegeshwa mahali pasiporuhusiwa: linafungwa mnyororo, mwenyewe analipa faini, na jambo limekwisha. Hakuna anayemwita mhalifu, na hakuna anayedai kwamba sasa ni halali kuegesha pale.

Ureno ilifanya hivyo hivyo. Sheria yake namba 30 ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika Julai 2001, iliondoa jinai kwa mtu anayekutwa na dawa za kulevya za aina yoyote, si bangi peke yake, zisizozidi matumizi yake ya siku 10. Kwa majani ya bangi kiasi hicho kilipangwa kuwa gramu 25. Polisi huyachukua majani, na mtu hupelekwa mbele ya jopo la watu watatu linalopima kama amezama kwenye uraibu au la. Linaweza kumwonya, kumtoza faini au kumwelekeza kwenye matibabu. Kuuza kulibaki kosa la jinai. Hata kupanda mche mmoja kwa matumizi binafsi sheria hiyo iliuacha upande wa jinai, jambo ambalo wanaoisifu Ureno kwa "kuhalalisha" hawalitaji kamwe.

Hapa ndipo tofauti inapoacha kuwa ya maneno na kuingia mtaani. Pale jinai inapoondolewa kwa mtumiaji peke yake, mtumiaji yuko salama lakini bidhaa bado inatoka kwa pusha. Hakuna anayepima kuvu, madini ya risasi au dawa ya wadudu iliyobaki kwenye maua. Hakuna anayeandika nguvu yake. Hakuna anayeuliza umri wa mnunuzi, na hakuna kodi. Polisi wana kazi ndogo kwa wavutaji na kazi ile ile kwa magenge. Kwa hiyo anayetaka kujua kama "kuhalalisha" kunapunguza soko la magenge hawezi kupata jibu Ureno, kwa sababu Ureno haikuligusa soko hilo. Na anayelaumu kuondoa jinai kwa matangazo ya bangi na maduka yaliyosogea karibu na shule analaumu kitu kisichokuwa na duka.

Uholanzi ni mkanganyiko wa tatu, na una jina lake: kuvumilia. Kisheria bangi bado ni kosa huko. Waendesha mashtaka wameelekezwa wasilishtaki duka linalofuata masharti: lisimuuzie mtu zaidi ya gramu 5 kwa siku, lisiwe na akiba inayozidi gramu 500, lisijitangaze, lisimruhusu aliye chini ya miaka 18, lisiuze dawa kali, lisisumbue majirani. Kasoro iko mlango wa nyuma. Duka linavumiliwa likiuza, lakini anayelilisha duka hilo hana kibali cha kulima wala kusafirisha. Akiba ya gramu 500 huisha haraka kwenye duka lenye wateja wengi, hivyo mzigo huingia mara kadhaa kwa siku kutoka kwa watu ambao sheria inawawinda. Ndiyo maana Desemba 2023 lilianzishwa jaribio katika miji ya Breda na Tilburg la kuyapa maduka bangi kutoka kwa wakulima wenye idhini. Nchi iliyohalalisha isingehitaji jaribio hilo.

Afrika Kusini ni kidaraja kingine. Mahakama ya Katiba iliamua tarehe 18 Septemba 2018 kwamba kumwadhibu mtu mzima kwa kulima, kuwa na bangi au kuitumia faraghani ni kuingilia haki yake ya faragha, na mwaka 2024 ikasainiwa sheria ya kuufuata uamuzi huo. Kuuza hakukuruhusiwa. Lesotho, iliyoanza kutoa leseni mwaka 2017, iliruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa wenye leseni, basi. Mwanakijiji aliyekuwa akilima kwenye majabali kabla ya hapo hakupata chochote kwa neno "imehalalishwa" kama hana fedha za leseni. Nchi mbili jirani, moja imezungukwa na nyingine, na kitenzi kimoja kinatumika kwa mambo yasiyofanana hata kidogo.

Waliohalalisha kwa maana kamili ni wachache. Uruguay ilipitisha sheria mwaka 2013, ikiwa nchi ya kwanza. Mtu mzima hujisajili na kuchagua njia moja kati ya tatu: kulima miche isiyozidi 6 nyumbani, kujiunga na klabu ya watu 15 hadi 45, au kununua duka la dawa hadi gramu 40 kwa mwezi. Uuzaji kwenye maduka ya dawa ulianza Julai 2017, na hapo hapo baadhi ya maduka yakajikuta benki zinatishia kufunga akaunti zao, kwa kuwa benki hizo zilihofia sheria za Marekani. Kanada ilifuata tarehe 17 Oktoba 2018: gramu 30 za bangi kavu hadharani, na miche 4 kwa kaya isipokuwa pale jimbo lilipokataza. Umri ni miaka 18 Alberta, 21 Quebec, na 19 kwingine kote.

Angalia jinsi "halali" ilivyojaa kamba huko. Aliye na gramu 31 barabarani Kanada ana kosa. Anayemuuzia mtoto ana kosa zito. Kwa hiyo neno lenye fundo lililofunguliwa linaelezea mfumo wenye mafundo mengi kuliko ule uliokuwepo. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, ruhusa. Nalo ni la Kiarabu, ndugu wa damu wa rahisi, na katika fiqhi ni ule ulegezwaji wa amri kwa sababu maalumu na kwa mipaka, kama msafiri anayeruhusiwa kufungua saumu. Ruhusa haisemi kitu ni kizuri. Inasema umelegezewa, na hapa ndipo unapoishia.

Mfano mzuri wa kamba hizo ni bangi ya kula. Ikivutwa, mtu huihisi ndani ya dakika chache. Ikiliwa, hupitia tumboni na kwenye ini, na ini huigeuza THC, kemikali ya bangi inayolevya, kuwa kemikali nyingine yenye nguvu ya kulevya, hivyo huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa mbili na hudumu kwa saa nyingi. Kosa la kawaida ni mtu kula kipande, kukaa dakika 40 bila kuhisi kitu, kisha kula kingine. Vyote viwili hufika pamoja. Jimbo la Colorado huko Marekani liliweka kikomo cha miligramu 10 za THC kwa kipande na 100 kwa pakiti. Kanada iliweka miligramu 10 kwa pakiti nzima. Tofauti hiyo ni mara kumi, na kwa mtoto aliyefungua kabati akidhani ni peremende, si tofauti ndogo. Kanuni kama hizo zinawezekana tu penye mtengenezaji anayejulikana. Palipoondolewa jinai pekee hakuna pakiti ya kuwekea kikomo.

Kuna mambo ambayo hata kuhalalisha kamili hakuyafanyi, ingawa husemwa yanakuja yenyewe. Hakufuti hatia za zamani. Jimbo la Illinois, Marekani, ilibidi liandike hilo kwenye sheria yake ya mwaka 2019, likaagiza kumbukumbu za waliokamatwa na bangi isiyozidi gramu 30 zitafutwe na kufutwa bila wao kuomba. Kanada mwaka huo huo iliondoa ada na muda wa kusubiri, lakini ikamtaka mtu aombe mwenyewe, na hatia husitishwa badala ya kufutwa. Kuhalalisha hakuleti pia kipimo cha dereva kinachofanana na cha pombe: jimbo la Washington lilichagua nanogramu 5 za THC kwa mililita ya damu, ilhali mvutaji wa kila siku anaweza kubeba THC damuni siku kadhaa baada ya ulevi kumtoka. Wala hakuvuki mpaka. Colorado ina maduka tangu tarehe 1 Januari 2014, lakini sheria ya shirikisho la Marekani bado inakataza, hivyo mpangaji wa nyumba ya ruzuku ya shirikisho anaweza kufukuzwa kwa kitu alichonunua dukani na kupewa risiti. Mgeni asiye raia anaweza kunyimwa ukaazi kwa kitu hicho hicho.

Umoja wa Mataifa nao huingizwa humu kimakosa. Desemba 2020 Tume ya Dawa za Kulevya iliitoa bangi kwenye Jedwali la Nne la mkataba wa mwaka 1961, jedwali la vitu vyenye madhara makubwa na manufaa kidogo ya tiba. Ikabaki kwenye Jedwali la Kwanza, linalotaka udhibiti mkali. Hapakuwa na kilichohalalishwa siku ile.

Turudi kwenye sentensi mbili za mwanzo. Kuzirekebisha hakuhitaji ugomvi. Ureno iliondoa jinai kwa anayekutwa na bangi ya kutumia mwenyewe. Kuilima na kuiuza bado ni jinai. Thailand iliyafuta maua ya bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022 kabla bunge halijapitisha sheria ya kuyasimamia, maduka yakafumuka, na Juni 2025 serikali ikaanza kudai cheti cha daktari kwa anayenunua. Kitenzi cha Thailand, basi, ni kufuta.